Sekunde ya Kunyunyiza

Kinyozi alijifanya amesinzia, lakini masikio yalikuwa macho. Kwenye kiti cha mbele yake, fundi wa kompyuta na mkunga, waliojuana humo humo ndani ya basi, walikuwa wanagombania sekunde moja. "Dunia inazunguka kwa kusuasua, mama," alisema fundi, "kwa hiyo kesho saa zote zinaongezwa sekunde ili ziende nayo sawa. Ikiingia kwa mkupuo, kompyuta za hospitali yenu zitaduwaa kama mara ya mwisho ilipoongezwa. Mimi ndiye ninayezihudumia, nitainyunyiza kidogo kidogo kutwa nzima, zisishtuke."

"Yaani mtoto akizaliwa mchana, kompyuta ya wodini inanidanganya?"

"Kiduchu tu, mama."

"Uongo ni uongo hata ukiukata vipande! Itie yote mara moja, tujue moja. Mimi mtoto simtoi kwa mafungu."

Kinyozi, ambaye saa ya dukani kwake ilikufa zamani na hakuna mteja aliyelalamika, alibana kicheko. Fundi alifungua mdomo ajibu, basi likafunga breki kituoni kwake. Akakurupuka na begi lake, nusura amkanyage mkunga.

"Ebo!" mkunga alimaka. "Shuka kidogo kidogo, mwanangu, usitushtue."