Petroli Inakupwa Usiku

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumatano, gari la Karani liligoma kuwaka. Ilikuwa mara ya sita ndani ya wiki mbili. Mkewe, ambaye ni nesi na ndiye anayeliendesha kwenda kazini, alipiga stata mara nane, akachomoa ufunguo, akampigia simu mnunuzi wa chuma chakavu. Wakakubaliana saa tatu. Kisha akarudi ndani kuomba abadilishiwe zamu. Gari lina miaka ishirini na saba. Limeegeshwa kwenye mteremko mbele ya nyumba, pua ikitazama juu, ubavu wake ukitia kivuli benchi la kijiwe. Saa moja na nusu benchi lilikuwa na watu watatu na birika moja la kahawa: Karani mwenyewe, ambaye ni mstaafu wa masjala; Spika, fundi redio; na Wembe, kinyozi ambaye hafungui kibanda kabla ya saa nne.

Karani: Jamani, nina saa moja na nusu. Gari hili ndilo lililowatoa watoto wangu watatu hospitali wakiwa wachanga. Likipakiwa kwenye lori, mimi nitatazama upande gani?

Spika: Tulia. Hiyo ni filta ya mafuta. Ikijaa uchafu, petroli inapita kwa kudra za Mungu.

Karani: Filta nilibadilisha mwezi uliopita.

Spika: Ukaweka mpya?

Karani: Sasa ningeweka nini, soksi?

Spika: Mpya za siku hizi zinatoka kiwandani zimeshachoka.

Wembe: Filta haina kosa. Ni maji. Tangi likilala nusu, usiku linatoka jasho kwa ndani. Jasho linadondokea kwenye petroli. Alfajiri injini inapewa maji inywe, inagoma. Hata wewe ukiamshwa kwa maji baridi utakubali?

Karani: Mbona likishawaka linakwenda kutwa nzima bila kukohoa? Hayo maji yanakwenda wapi?

Wembe alimimina kahawa, akanywa nusu kikombe.

Wembe: Yanapata moto, yanakuwa mvuke.

Spika: Wembe, wewe kanyoe watu.

Wembe: Na wewe ungekuwa fundi, redio yangu ingekuwa imerudi. Ina miezi mitano kwako.

Spika: Redio yako ina ugonjwa wa moyo. Usinitoe kwenye mada.

Karani alifungua boneti kwa mara ya tatu asubuhi hiyo. Wote watatu waliinama, wakatazama, wakatikisa vichwa, wakaifunga. Hakuna kilichoguswa.

Wembe: Mimi sasa nasema ni mazoea. Gari limekaa na mkono wa Karani miaka ishirini na nne. Karani kastaafu, kamkabidhi shemeji. Shemeji ana mkono wa kuchoma sindano. Akiingiza ufunguo tu, gari linakaza misuli.

Karani: Hilo usiliseme kwa sauti. Dirisha liko wazi.

Spika: Acheni porojo, tutumie sayansi. Bahari inakupwa na kujaa kwa sababu gani?

Wembe: Mwezi.

Spika: Mwezi! Unavuta bahari nzima, utashindwa na lita kumi za petroli? Usiku petroli inakupwa, inarudi zake tangini. Asubuhi injini inavuta hewa tupu. Mchana inajaa, gari linawaka. Iko wazi kabisa.

Karani: Kwa hiyo mke wangu angoje petroli ijae ndipo aende kazini?

Spika: Nunua kalenda ya mwezi.

Wembe: Na mafuta ya taa kwenye jiko langu, mbona hayakupwi?

Spika: Mafuta ya taa ni mazito. Hayana tamaa.

Karani alitazama saa yake. Hakucheka.

Saa mbili na dakika hamsini na tano, lori la chuma chakavu lilisimama mbele ya benchi. Akashuka mwanamume wa miaka thelathini hivi, ovaroli limefungwa mikono kiunoni. Nesi alitoka nyumbani na hati za gari mkononi.

Mnunuzi: Shikamooni, wazee. Ndilo hili?

Karani: Marahaba. Ndilo, ila bado tunalifanyia uchunguzi.

Mnunuzi: Linasumbua nini? Nauliza kwa sababu injini ikiwa nzima naiuza peke yake.

Spika na Wembe walimjibu kwa dakika sita, mara nyingi kwa pamoja. Filta, jasho, mazoea, mwezi. Mnunuzi alisikiliza huku akilizunguka gari.

Mnunuzi: Nani huwa analiwasha?

Karani: Mama watoto.

Mnunuzi: Na yeye anasemaje?

Karani alimtazama Spika. Spika alimtazama Wembe. Wembe alitazama ndani ya kikombe. Kwa wiki mbili hakuna aliyemuuliza, na alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo.

Nesi: Linagoma hapa, asubuhi. Kazini linashinda juani kutwa, jioni linawaka mara moja.

Mnunuzi: Kazini unaegesha wapi?

Nesi: Uwanjani, tambarare. Na hata hapa halikuwa likigoma, mpaka hawa walipolihamishia kwenye mteremko.

Mnunuzi: Walilihamisha kwa nini?

Wembe aliweka kikombe chini.

Wembe: Jua, shemeji. Asubuhi linatupiga usoni.

Mnunuzi alipiga magoti, akachungulia chini ya gari, akainuka.

Mnunuzi: Tangi liko nyuma, chini. Pua iko juu usiku kucha. Ndani ya pampu kuna vali ya kuzuia petroli isirudi, na ya kwenu imechoka. Kwa hiyo petroli iliyo kwenye bomba inateremka yote tangini. Mzee wa bahari hakukosea sana.

Spika: Mmesikia?

Mnunuzi: Mwezi tu ndio haumo.

Akamwomba nesi aingie.

Mnunuzi: Fungua swichi, stata usipige. Sikiliza nyuma.

Mvumo mdogo ulisikika upande wa tangi, ukakoma.

Mnunuzi: Hiyo ni pampu inajaza bomba. Zima. Rudia. Tena. Haya, piga.

Gari liliwaka kwa mpigo mmoja, saa tatu na dakika kumi na moja. Karani alisimama, akakaa, akasimama tena.

Mnunuzi: Mama, badilisha pampu, na uegeshe tambarare. Basi, mimi nimekosa mzigo.

Nesi alishuka, injini akaiacha inanguruma.

Nesi: Hujakosa. Benchi hili ni chuma kitupu, na ni langu.

Karani: Mama watoto, taratibu.

Nesi: Baba watoto, nimechelewa zamu tano. Mlikuwa mmekaa hapa.

Wembe: Shemeji, tumalizie kahawa angalau.

Nesi: Kahawa inanyweka hata umesimama.

Saa tatu na dakika ishirini, Karani, Spika na Wembe walisaidia kulipandisha benchi kwenye lori. Nesi aliondoka na gari dakika mbili baadaye. Lori lilimfuata.