Mtoto Aliyekataa Kunitazama Usoni

Wapendwa wa kanisa la Cedar Hill, na ninyi wenzangu wa Houston, Bwana Yesu apewe sifa! Na kama leo umechoka kumpa, nitampa na kwa niaba yako, maana nimekuja nazo nyingi!

Kina mama wa Cedar Hill mliniomba niandike ushuhuda niliotoa kwenu, kwa sababu siku ile nililia katikati na mwisho wake hamkuusikia. Ni kweli. Mimi ni Happy, naishi Stafford, pembeni ya Houston, na mume wangu Elia. Yeye ni nesi, mimi nahudumia wazee. Shule yangu iliishia kidato cha nne, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kama ninavyoongea.

Ndugu zangu, mimi toka mdogo ni mtu wa kuota ndoto mchana. Watoto wangu nilishawapa majina kabla sijapata hata mchumba! Basi nikaolewa, nikaja Marekani, mimba zikaja, mimba zikatoka. Sitasema ngapi. Kila iliyotoka nilikuwa nimeshaipa jina.

Watanzania wenzetu wa kule Katy, mji wa jirani, wakifanya sherehe za kukaribisha watoto nilikuwa naenda, napika pilau, nacheka kuliko wote, halafu nikiingia kwenye gari nanyamaza. Siku moja mama mmoja akaniuliza mbele za watu, "Happy, wewe kazi yako kubembeleza wa wenzio tu, wako lini?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini neno lile liliingia likakaa. Nikaanza kuamini kwamba ndani yangu kuna kitu ambacho watoto wanakikimbia. Hicho ndicho kifungo changu, ndugu zangu. Watu waliona meno yangu tu, kifungo hawakukiona.

Tukaamua kumlea mtoto asiye na wazazi. Tulijaribu nyumbani Tanzania kwanza, tukaambiwa ni lazima tuhamie kule tukaishi, na kazi ya Elia iko huku. Sasa kazini kwangu kuna dada mmoja Mmarekani, ana binti aliyemtoa Uchina. Nikamwambia Elia. Akaniangalia akasema, "Uchina? Happy, wewe hata tambi unakula na kijiko."

"Nitajifunza vijiti."

Maneno yakawa mengi. "Watoto wamejaa kwetu, ninyi mnavuka kwenda Uchina!" Shangazi yake Elia alipiga simu kutoka Dodoma akauliza jambo moja tu: huyo mtoto atakula ugali? Tukaomba, tukasubiri. Mwaka 2018 tukatumiwa picha ya Lan, binti wa miaka mitatu, mwenye kovu dogo juu ya mdomo, kwa sababu alizaliwa mdomo umepasuka na madaktari wakaushona. Nilimpenda palepale! Picha nikaibandika kwenye friji, kila asubuhi namwambia, "Umeamkaje, mama?"

Wazazi wanaochukua watoto hapa wanapitia darasa. Mwalimu wetu alifundisha vizuri: mbebeni kifuani, mtazameni machoni, mlisheni wenyewe ili ajue sasa wazazi ni ninyi. Mimi niliyashika yote kama amri kumi. Nikanunua mbeleko ya kizungu, ile ya mikanda ya kifuani, nikafanya nayo mazoezi nyumbani na mfuko wa mchele. Elia alicheka mpaka akakaa chini.

Tukasafiri. Mji ule uko kusini-magharibi mwa Uchina, wa milima na ukungu, na jina lake nikilitamka mpaka leo Elia ananicheka. Mkalimani wetu alikuwa binti mpole anaitwa Lin. Alitupeleka kwenye ofisi ya serikali, na Lan akaletwa pale ameshikana mkono na mama mtu mzima aliyekuwa anamlea kijijini.

Nikapiga magoti. Nikafungua mikono, kama nilivyokuwa nimeota.

Ndugu zangu, mtoto alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia hata kwa mgonjwa wa kufa! Akamshika mlezi wake shingoni. Mlezi naye analia. Mimi nalia. Tulipompokea akafunika macho kwa mikono yake miwili ili asinione. Lin akatuambia taratibu, "Ofisi inawapa mpaka kesho mchana mkae naye. Kesho watawauliza kama mnaendelea au hapana. Jibu likishatoka, ndiyo basi."

Hotelini Lan hakutaka kuvua viatu. Alikaa ameuelekea mlango tuliouingilia. Nikamsogelea na tabasamu, akafunika macho. Nikaleta uji, akafunika mdomo. Nikamweka kwenye ile mbeleko ya kifuani, uso kwa uso kama nilivyofundishwa, akanisukuma kifua kwa ngumi mpaka nikamtoa. Jua lilikuwa linazama, na tangu mchana alikuwa amekunywa maji tu.

Elia akasema, "Happy, labda tunamtesa huyu mtoto."

"Unataka tumrudishe?"

"Sijasema hivyo mke wangu. Najiuliza tu kama sisi ndio tunaomfaa."

Hakusema kwa ubaya, ni mtu wa huruma. Lakini mimi nilisikia sauti ya yule mama wa Katy na kicheko cha wale watu. Nikajifungia bafuni. Sikuwa na sala ndefu, nilisema tu, "Bwana, kama ni mimi ninayekimbiwa, niambie leo nijue. Na kama siyo, nionyeshe njia ya kumfikia, maana mimi nimeishiwa."

Hakunijibu palepale. Siwezi kuwadanganya, nililala na uzito wangu.

Asubuhi Lan akakataa na chai. Lin akashauri tutoke tukapate hewa kabla ya kwenda ofisini. Mbele ya hoteli kuna uwanja mdogo, wazee wanafanya mazoezi, watu wananunua mikate ya mvuke. Elia kambeba Lan, mtoto kakakamaa kama ubao. Mara akainua kichwa. Akanyoosha kidole!

Tukageuka. Alikuwa bibi mmoja mfupi ananunua mkate, na mgongoni kwake kuna mjukuu, amefungwa kwa kitambaa kilichotariziwa maua, mashavu mekundu, kalala fofofo.

Lin akasema, "Aa, vijijini huku watoto wanabebwa hivyo. Hata mlezi wake lazima alimbeba hivyo."

Ndugu zangu! Mimi! Mimi niliyekulia mgongoni kwa mama yangu Singida! Mimi niliyewabeba wadogo zangu wote kwa khanga huku natwanga, huku nachota maji! Nimevuka dunia nzima kwenda kumbeba mtoto kifuani kama mkoba! Siyo kwamba mwalimu alikosea, hapana. Ila Lan alikuwa anaogopa sura ngeni, na mimi sura hiyohiyo ndiyo niliyokuwa namsogezea kila dakika.

Nilikuwa nimejitanda khanga kwa ajili ya baridi. Nikaivua. Nikamwambia Elia amshushe. Nikachuchumaa palepale uwanjani, nikamgeuzia mgongo, nikajipigapiga kiunoni kama tunavyowaita watoto kwetu. Sikugeuka. Nilikuwa naangalia chini na kusema moyoni, Yesu, Yesu, Yesu.

Nikasikia viatu vidogo. Vikasimama. Halafu mikono miwili ikanishika mabegani, na uzito ukaja wenyewe.

Haleluya!

Nikainama, nikarusha khanga, nikafunga kifuani. Kumbe yule bibi ananiona! Akaja mbio na mkate wake mkononi, anafoka.

"Anasema umefunga vibaya," Lin akatafsiri.

"Mwambie hivi ndivyo tunavyofunga Singida!"

"Anasema Singida haijui, ila miguu ya mtoto itakufa ganzi."

Elia akaangua kicheko, cha kwanza tangu jana. Bibi hakungoja ruhusa. Akafungua fundo langu, akapitisha khanga mabegani, akavuta, akanifunga kwa mbele kama mzigo wa sokoni, kisha akanipiga bega, pa! Akakata kipande cha mkate wake akampa Lan. Nikashtuka, maana tuliambiwa tumlishe wenyewe. Lakini nikanyamaza, kwa sababu mtoto alikuwa anatafuna! Makombo yananiingia shingoni, na mimi nalia kwa furaha katikati ya watu nisiowajua.

Tukaenda ofisini hivyohivyo. Afisa akauliza, Lin akatafsiri: mnaendelea, au hapana? Elia akasema, "Tunaendelea." Afisa akazunguka meza aje kumwona mtoto. Lan alikuwa amelala, shavu lake limebandika mgongoni kwangu, mate yanalowesha blauzi yangu. Afisa akarudi kwenye kiti chake kwa kunyata, na mambo yote yaliyobaki tuliyaongea kwa kunong'ona.

Baadaye tukahamia Guangzhou kungoja viza yake. Kila siku nilimbeba nikatembea naye kando ya mto, namwimbia nyimbo za kwetu. Uso wangu bado hakuutaka, na mimi sikumlazimisha. Jioni moja akajinyonganyonga mgongoni, nikajua anataka kushuka. Nikamshusha, nikabaki nimechuchumaa. Akazunguka mwenyewe, akaja mbele yangu, akasimama. Akanitazama. Alinitazama sana, ndugu zangu, kama mtu anayesoma. Akagusa mdomo wangu kwa kidole, halafu akagusa kovu la mdomo wake. Kisha akazunguka nyuma yangu, akaninyooshea mikono nimpandishe tena.

Lile neno la Katy likaanguka siku ile. Hakuna kitu ndani yangu ambacho watoto wanakikimbia. Mungu wangu alikuwa amenifungua, kwa mkono wa bibi mwenye mkate!

Namshukuru Mungu, namshukuru Elia, nawashukuru ninyi mliofunga na kuomba. Na wewe dada unayesoma ukiwa na neno la mtu limekukaa kifuani, umeshamwomba Mungu na huoni jibu: mtumaini leo hivyohivyo na uzito wako. Hata asipokujibu usiku huu, toka asubuhi uende, anaweza kuwa amekutangulia uwanjani. Nitafute kanisani tuombe pamoja. Utanijua tu, ni yule anayecheka kwa sauti, mtoto yuko mgongoni.