Nishimwe Athanasie na Pikipiki ya Abiria Mmoja

Wazazi, majirani na ninyi mliovuka milima kuja kulia nasi, familia inawasomea maisha ya binti yake, Nishimwe Athanasie, aliyezaliwa hapa Masisi tarehe 9 Aprili 1989, mtoto wa tatu wa Papa Rukundo Léonard na Mama Annonciata, wakulima wa maharagi.

Alisoma shule ya msingi toka Septemba 1995 hadi Juni 2001, kisha sekondari, kitengo cha biokimia, akapata diploma ya serikali mwaka 2007 kwa asilimia sabini na moja, huku Magloire, mtoto wa baba yake mkubwa, ambaye Athanasie mwenyewe alimfundisha kemia kila jioni, akipata hamsini na sita.

Wote wawili walitaka udaktari. Mtihani wa kuingia kitivo ulifanyika Goma mara moja kwa mwaka, na mwaka ule ulipangwa tarehe 8 Oktoba. Siku iliyotangulia mtihani, vita vilikuwa vimesimamisha magari, ikapatikana pikipiki moja tu iliyothubutu kupita Mubambiro, kwenye njia ya Goma, tena kwa abiria mmoja. Babu Kanyamibwa, asije akapendelea mjukuu, alitia kibuyuni haragi jeupe na jekundu, jekundu likiwa la kusafiri, Athanasie akatoa jeupe, Magloire akapanda pikipiki. Kura ilikuwa ya haki, na ndiyo maana inauma hadi leo, kwa kuwa hakuna wa kumlaumu.

Mwaka uliofuata familia ilikuwa katika kambi ya wakimbizi, na ule wa tatu Papa Léonard akafariki, basi Athanasie akasomea uuguzi, akaajiriwa tarehe 3 Juni 2012 katika kituo cha afya karibu na mgodi wa Bisie, Walikale, akizalisha wake za wachimbaji. Tarehe 20 Julai 2013 alifunga ndoa na mwalimu Sylvain, wakajaliwa Cindy na Hilaire.

Agosti 2016, katika misa ya shukrani ya udaktari wake, Magloire alisimama akasema, "Bahati haiko, kazi tu njo iko," yaani kinachofaulisha ni kazi tu, kanisa likapiga makofi, na Athanasie, mtoto mgongoni, akamjibu kwa kicheko, "Kaka, basi shukuru hata ile haragi!" Hatukatai kwamba Magloire alisoma, lakini waliosema kwamba Athanasie alikosa bidii, nao wamo humu, walimwonea.

Tarehe 28 Agosti 2025, akijifungua mtoto wa tatu palepale kituoni, alivuja damu, akahitaji kupasuliwa, barabara ya kwenda hospitali ikawa imefungwa, akafariki alfajiri ya tarehe 29, pamoja na mtoto.

Tunamshukuru muuguzi Léontine, aliyemshika mkono hadi mwisho, wafanyakazi wenzake, na majirani walioleta mwili kwa mabega. Desturi inatutaka tuwashukuru pia madaktari. Hapo hatuna jina la kusoma, kwa sababu kituo kile, tangu kifunguliwe, hakijapata daktari hata mmoja.

Athanasie, binti yetu, pumzika kwa amani, ingawa sisi tuliobaki hatunayo.