Kibao cha Shaba Nyuma ya Jiko

Sogeeni, wanangu, niinulieni mto, maana pumzi ya leo ninayo, ya kesho anayo Mungu. Séraphin, kifunguamimba wangu, kaa huku. Henriette, kaa katikati. Nawe Kitenge, kitindamimba, acha kulia, bado sijafa. Nyumba hii ya Kapata mnaijua hata nyufa zake. Lakini urithi wenyewe hamjauona, wala mimi sijauona, kwa kuwa ni zile sarafu za mtandaoni zisizoshikika, na sipendi nife kabla sijawaambia zinalindwaje.

Nilipouza shamba la Lubudi, benki niliiogopa, na panya wa chini ya godoro niliwaogopa zaidi. Henriette, anayewalipa kwa sarafu hizo watu wanaomletea vitenge kutoka ng'ambo, ndiye aliyenifundisha. "Tata," akaniambia, "usiache mu telefone, batakuibia. Tafuta kale kadude ka kuchunga funguo za sarafu." Wewe Séraphin ukakimbilia soko, ukarudi na kidude cha bei rahisi, na ndani ya kasha lake karatasi yenye maneno ya siri, yameshaandikwa. "Tata, ona, bashakufanyia kazi yote!" Dada yako alicheka mpaka akakaa chini. Maneno yale, wanangu, ndiyo roho ya mali: kidude kikivunjika, unanunua kingine, unakiingizia maneno, sarafu zinarudi. Basi anayekuuzia kidude pamoja na maneno yake amekuuzia nyumba akabaki na ufunguo.

Tukaagiza kingine kwa waliokitengeneza. Nikakiwasha mwenyewe, nikachagua namba ya siri, nacho kikanionyesha maneno yake kwenye kioo, moja baada ya jingine, kwa Kiingereza, lugha ambayo hata salamu yake siijui. Nikayanakili herufi kwa herufi kama mtu anayechora sisimizi. Lakini karatasi ni chakula cha mchwa, nami nilizeekea karakana ya kampani, patasi zangu za kugongea herufi ninazo bado. Nikayagonga maneno kwenye kibao cha shaba, nikakizika nyuma ya jiko, nikajiona mwerevu kuliko benki zote. Nilisahau kwamba naishi Kolwezi, mji wa wachimbaji.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe, Kitenge, ulikuwa umesikia kwamba jirani amepata kobalti chini ya sebule yake, ukangoja niende misa, ukashika sururu. Niliporudi nilikuta shimo la kumeza ng'ombe, nawe umekaa ukingoni unakula brosheti ya nyama.

"Kibao kiko wapi?"

"Kile nilipeleka ku depo, tata. Mi niliona ni shaba tu, shikuyua kama ni benki!"

Nilikimbia na suti yangu ya Jumapili mpaka kwenye depo ya vyuma chakavu, na ninyi watatu nyuma yangu. Nikamkuta mwenye depo, Tata Kisimba, amevaa miwani, anawasomea wateja wake maneno yangu kwa sauti ya msoma somo kanisani. "Tata Kabasele," akaniuliza, "haba ni bachezaji ba timu gani?" Mteja mmoja alikuwa ameshakipiga picha.

Siri ikishasomwa sokoni haizikwi tena. Henriette akasema maneno yale yamekufa, sarafu zihamishwe palepale, kidude kifutwe, kizae maneno mapya. Lakini kwa muda ule pa kuziweka palikuwa mahali pamoja tu, ndani ya simu yake. Séraphin, ulinishika mkono. "Tata, ukimupa, hautabiona tena." Nikakutazama, nikamtazama yeye, nikakitoa kidude mfukoni, nikabonyeza zimwendee. Henriette alikaa kwenye benchi la Kisimba mbele ya watu wote, akakifuta kidude, akawafukuza nyote nilipokuwa nikinakili maneno mapya, kisha akanirudishia kila kitu, na ada ya kuzihamisha akailipa mwenyewe. Halafu akachukua mkoba wake akaenda zake, na tangu siku ile hajala bukari, ugali wa mama yake, katika nyumba hii.

Basi shikeni haya. Nyumba na shimo lake ni vya Kitenge, akae na mama yenu humo, na alifukie kabla mvua haijaliangusha jiko. Kaburi langu asichimbe yeye. Mwenye tamaa ya kobalti hajui kuacha. Kidude achukue Séraphin; namba yake anayo mama yenu, Charlotte, na siri ya mtungi aijuaye kata, kwa hiyo mheshimuni. Maneno mapya nimeyagonga kwenye kipande cha sufuria kuukuu, nacho nilimpelekea Henriette kwake zamani. Najua, mwenye maneno ana mali yote. Ndiyo sababu nimempa yeye, na yeye ndiye atakayegawa mafungu matatu sawasawa. Asiyeridhika aje anishtaki huko niendako.

Sasa, Séraphin, mwombe dada yako msamaha kwa neno lako la siku ile. Si kesho. Sasa, nikiwa nasikia.

...Sikusikia. Umri unaniziba masikio, sema kwa nguvu.

...Haya. Hivyo.

Ah, maji... maji kidogo. Henriette, umempa mkono? Niambieni, macho yangu yana ukungu. Amempa? Ameupokea? Mungu awe... Mungu awe paa lenu, wanangu, awajalie watoto wenye heshima na... na usingizi mzuri. Msiachane. Charlotte, wapikie. Wapikie wote... sahani moja.