Longino Jovinary, Mlinzi wa Kiini cha Kabati

Tumsifu Yesu Kristo. Padre, wazee wetu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu ili kutusindikiza, mimi Venant, mdogo wa marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea njia aliyoipita kaka yetu.

Longino Jovinary alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kamachumu, akabatizwa, akasoma shule ya msingi hukohuko na sekondari Bukoba, na mwaka 1979 akaajiriwa hapa Mwanza na chama cha ushirika wa pamba, katika chumba cha kompyuta. Tarehe 8 Juni 1985 alifunga ndoa takatifu na Odeta, Mungu akawajalia Kemilembe mwaka 1988 na Pius mwaka 1991.

Mwaka 1994 wafanyakazi walipunguzwa, naye akiwemo. Hakurudi Kamachumu kulima kahawa, bali alikaa na mwenzake Malimi hapa Mkuyuni, wakatunga programu ya kutunzia kumbukumbu za wagonjwa, wakaiita Kabati, wakaigawa bure kwa disketi katika zahanati za kandokando ya ziwa, pamoja na maandishi yake ya ndani, ili kila mwenye ujuzi airekebishe. Watu wakaitungia vipachiko, yaani vipande vya kuongezea, huyu cha kuhesabu dawa, yule cha kuchapa kadi, na kazi ya marehemu ikawa kuamua kipi kiingie katika kiini, ambacho kila zahanati hupata, na kipi kibaki nje, akitafute anayekihitaji. Alikuwa mgumu, kwa kuwa kompyuta zenyewe zilikuwa dhaifu, na alizoea kusema, "Kiini si gunia, kila mtu atie muhogo wake."

Mwaka 1997 dada Selina, muuguzi wa Ukerewe, alileta kipachiko cha kutafuta majina bila kutofautisha l na r, maana huku kwetu Malimi huandikwa Marimi na mtu haoni kosa. Marehemu alikikataa, akasema makarani wajifunze kuandika. Selina akamjibu, "Kaka Longino, wagonjwa hawaji na kamusi," wakacheka, kikabaki nje.

Tarehe 19 Mei 1998, wazazi wakiwa msibani Bukoba, Kemilembe alishikwa na homa kali, jirani akamkimbiza katika zahanati ya hapa Mkuyuni, ambako faili lake ndani ya Kabati lilionya kwamba penisilini humdhuru. Karani aliandika Kemirembe, Kabati likajibu kwamba hakuna mtu huyo, mtoto akachomwa sindano ya penisilini, akafariki kabla ya saa sita mchana.

Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, lakini baada ya mazishi marehemu alikiingiza kipachiko kile katika kiini, akakipeleka mwenyewe zahanati hadi zahanati, na kila alikofika alisubiri mpaka akione kikifanya kazi mbele yake. Hakuacha kusali, ila chakula kilimshinda, shinikizo la damu likampanda, tarehe 2 Agosti 1999 akapata kiharusi, na tarehe 11 Bwana akamtwaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mkuyuni waliokesha nasi, na Malimi anayebaki na kazi. Kwa namna ya pekee tunamshukuru dada Selina, aliyekaa kando ya kitanda chake siku zote zile, na hakumkumbusha hata mara moja kwamba alimwonya.

Pumzika kwa amani, kaka, wewe na mtoto wako.