Viatu vya Meneja

Kona ya mafundi ilikuwa na benchi moja tu, ubao mrefu juu ya matofali, umeegemezwa kwenye ukuta wa duka la rangi. Ukipita hapo asubuhi utadhani ni foleni ya hospitali. Bawaba, mlinzi wa usiku, hakuweza kukaa bila magoti yake kulia kwanza. Ndiyo asili ya jina lake. Jeki, mpakizi wa mizigo, alivaa mkanda mpana kiunoni tangu siku alipoinua gunia kwa sifa, mgongo ukakataa. Kamusi, fundi viatu, alikuwa na shingo ngumu, ya mwili na ya maneno. Aliyewauzia kahawa ni dada mmoja mpole, mwenye sauti kama ya kuazima, na nyuma yake, mbali na jiko, kulikuwa na kapu alimolala binti yake mchanga.

Mtoto huyo alizaliwa unyayo wake wa kushoto umegeukia ndani. Hospitali waliunyoosha polepole kwa plasta, wakiibadilisha kila wiki, kisha wakamkata kidogo mshipa wa nyuma ya kisigino. Muda wote huo dada alimfunika miguu kwa kanga, na watu wa benchi walimjua mtoto kwa sura tu. Kwa kuwa hakumchekea mtu, walimwita Meneja.

Lakini baada ya plasta vilikuja viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito wa chuma, na hivyo havifichiki. Asubuhi hiyo Meneja alipiga teke, kanga ikaanguka, na vikombe vikasimama hewani.

Dada ilibidi aeleze. Muuguzi alimwambia mtoto avivae miguu yote miwili, hata ule mzima, usiku na mchana kwa miezi ya mwanzo, kisha wakati wa kulala tu, mpaka akue. Vikivuliwa mapema, unyayo hurudi ulikotoka. Hakuwaambia kwamba usiku uliopita mtoto alilia mpaka naye akalia, wala kwamba mama mkwe alisema kutoka chumba cha pili kuwa chuma si nguo ya mtoto. Alikuja kazini vidole vikimwasha kuvifungua.

— Chanzo ni kukaa, alisema Bawaba. Unakunja miguu hapo jikoni kutwa. Mtoto tumboni akaiga.

Jeki alipinga. Kwa maoni yake kosa ni la mtaa: una mteremko, na mtoto mwenye akili alianza kujipanga kuushuka kabla hajazaliwa. Bawaba akauliza mbona wengine hawakujipanga. Jeki akasema basi ni mvuke wa kahawa, unalegeza mishipa. Kisha akakitazama kikombe chake, akakisogeza mbali kidogo, akakirudisha.

Kamusi hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameinama juu ya kapu, akivikagua viatu kwa jicho la kazi.

— Aliyefunga hivi hakusomea. Vinatazama nje kama miguu ya bata.

— Ndivyo vinavyotakiwa, mzee, alisema dada, lakini sauti yake iliishia kwenye mvuke.

Kamusi alikuwa ameshachukua bisibisi. Alisema atavinyoosha vitazame mbele kama viatu vya watu, bure, zawadi yake kwa Meneja. Ila kwanza vivuliwe, mtoto apumue. Jeki akaunga mkono, kwamba hata yeye mkanda wake huuvua akipata wageni. Bawaba akasema na yeye alipewa mazoezi ya magoti, akayaacha, na hakufa. Alisimama kuwaonyesha. Magoti yakalia, na mtoto naye akaanza kulia.

— Wahenga walishasema, Kamusi alihitimisha. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Vua, dada, mwana asilie.

Mkono wa dada ulikuwa tayari kwenye kishikizo. Ukasimama. Methali hiyo aliijua. Mama yake aliisema kila alipomnywesha dawa chungu, huku amembana pua.

— Mzee, alisema, hiyo inasema nisivue.

Kamusi alishusha bisibisi.

— Inasema ukiogopa mtoto alie leo, dada aliendelea, kesho utalia wewe. Basi na alie. Nitalia naye. Lakini viatu hivi havivuliwi.

Benchi halikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Jeki alicheka akiushika mkanda. Kamusi alirudisha bisibisi kwenye sanduku, akasema hata yeye alimaanisha hayo hayo, ila alianzia mwisho.

Mtoto alilia siku chache, kisha akazoea, akawa anagonga kapu kwa ule ufito kama anaita kikao. Bawaba aliona haya kushindwa na mtoto. Akaanza mazoezi yake pale pale benchini, anainua mguu huu, anashusha, anainua ule. Jeki alirudi hospitali, akafundishwa kuinua mzigo kwa kukunja magoti badala ya kiuno, naye akawafundisha wenzake wote, pamoja na wasiobeba kitu.

Miezi ikapita, viatu vikabaki vya usingizi tu. Asubuhi moja Meneja alikuwa peku, ameshika ubao, anapita goti kwa goti kuwakagua wazee wake, alipofika kijana mmoja mgeni. Kifuani alikuwa na mtoto mchanga, mguu wake mdogo umo kwenye plasta.

— Shikamooni. Muuguzi amenielekeza hapa. Kuna mtoto alizaliwa na mguu kama wa huyu wangu?

— Ndiye huyo anayetembea, alisema Bawaba.

Kijana alichuchumaa. Alitazama mguu mmoja, kisha wa pili.

— Ulikuwa mguu upi?

— Wa kulia, alisema Kamusi.

— Yote, alisema Bawaba. Viatu vilikuwa viwili.

Jeki akasema basi waangalie. Wakainama wote watatu, migongo na shingo zikilalamika, vichwa vikigongana juu ya nyayo mbili zilizotulia sawasawa kwenye vumbi. Meneja alidhani ni mchezo, akauachia ubao, akakimbia. Kijana akaanza kucheka taratibu, mkono wake juu ya ile plasta.

Wazee waligeuka kwa dada. Yeye alijua, lakini aliendelea kumimina kahawa, awaache watafute.