Siyad Shuriye na Taa Aliyosahau Kuizima

Wasikilizaji wapendwa, wale mnaotuamkia kwa salaam aleikum na wale mnaotuamkia kwa habari, karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache. Mimi ni Kate Wakiuru. Leo tunamkumbuka Siyad Shuriye, mwendeshaji wa boda boda katika mji wetu wa Isiolo. Alifariki alfajiri ya Alhamisi iliyopita kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Narudia, kwa waliowasha redio sasa hivi: tunamkumbuka Siyad Shuriye, mtu wa mtaa wa Kiwanjani.

Kama umewahi kupanda boda hapa mjini, huenda alikubeba. Kama umewahi kuendesha, nina hakika alikugombeza.

Siyad alizaliwa hapa hapa. Babu yake alikuwa askari enzi za ukoloni, akamaliza utumishi, akapewa kipande cha ardhi Isiolo, na ukoo wake haujahama tangu hapo. Baba yake alikuwa na lori. Siyad mwenyewe alipenda magurudumu mawili. Aliendesha pikipiki ya petroli kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuwasha indiketa hata mara moja. Balbu zilivunjika mwaka wa kwanza na hakuona haja ya kuweka nyingine.

Sasa usimcheke. Wewe na mimi tunajua desturi ya mji huu. Mwendeshaji wa Isiolo akitaka kukata kulia, anatoa mguu wa kulia. Akitaka kushoto, anatoa wa kushoto. Injini inanguruma, watu wanageuka, wanaona mguu, kila mtu anaelewana na mwenzake. Mazoea yana taabu, lakini pia yana raha yake.

Kisha mwaka wa 2023 Siyad akaiuza ile ya petroli na kuchukua pikipiki ya stima, inayotumia betri badala ya petroli. Alikuwa wa kwanza katika steji yao, pale waendeshaji wanapongojea abiria. Vijana walimzunguka kama bwana harusi. Haikuwa na moshi wala kelele, na ilikuwa na taa nne za kuonyesha unakata wapi, zote zinawaka. Mkewe, Faduma, aliniambia: "Alikuwa anaziwasha hata akiwa amesimama uani. Anawasha, anazunguka nyuma kuangalia. Anarudi, anawasha ya upande ile ingine."

Kuwasha alijifunza kwa siku moja. Kuzima, wasikilizaji, ndiko kulikomshinda. Mguu ukiutoa, unaurudisha mwenyewe kwa sababu utachoka. Taa haichoki. Ukiisahau, itaendelea kupepesa mpaka betri iishe.

Asubuhi moja ya mwezi wa Septemba, mwaka huo huo, Siyad alikata kushoto kutoka soko la mifugo akaingia barabara kubwa. Aliwasha taa ya kushoto, vizuri kabisa. Hakuizima. Akaenda zaidi ya kilomita moja taa inawaka, naye anafikiria mambo yake.

Mbele, karibu na njia panda ya Kiwanjani, alikuwa amesimama Nakuam. Nakuam ana kibanda cha mboga upande mmoja wa barabara. Gari linaloleta nyanya na vitunguu kutoka Kinna husimama upande wa pili, na wanaofika kwanza ndio wanaochagua. Nakuam aliangalia kulia. Aliona pikipiki, aliona taa ya kushoto, akajiambia, huyu anaingia Kiwanjani kabla hajanifikia. Hakusikia injini, kwa sababu hapakuwa na injini ya kusikika. Akashuka kwenye lami.

Siyad akaenda moja kwa moja.

Nakuam alivunjika mguu wa kushoto mahali pawili. Narudia ili tuelewane: taa ilisema kushoto, pikipiki ikaenda mbele, na mama wa watu akavunjika mguu.

Siku ya nne ndugu zake Nakuam walikuja kwenye steji kutaka maelezo. Kabla hawajaketi, Macharia, mwenyekiti wa steji, alimvuta Siyad kando. Macharia si mtu mbaya. Alikuwa anatetea watu wake, na ameniruhusu niseme haya hewani. Alimwambia, "Mzee, sema alivuka bila kuangalia. Hiyo kitu yako haina sauti, nani atabisha?"

Hakuna aliyeiona ile taa isipokuwa Nakuam, na Nakuam alikuwa hospitalini. Siyad angeweza kunyamaza tu. Aliniambia mwenyewe kwamba alifikiria, na kwamba alifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka.

Kisha akasimama mbele ya wale ndugu akasema: "Mama aliangalia. Aliamini taa yangu, na taa yangu ilidanganya."

Mtu mmoja, kwa nia ya kumfariji, akamwambia ajali haina kinga. Siyad akakataa. Akainua mkono wa kushoto, akasema, "Hii ilikuwa na kinga. Ni hiki kidole gumba kinachozima taa. Nilikuwa nacho na sikukitumia."

Nakuam alirudi kibandani baada ya miezi minne. Mguu ulikuwa umepona, lakini hakuweza tena kuvuka. Gari la Kinna likifika, alisimama ukingoni mpaka barabara iwe tupu kabisa, na barabara ile haiwi tupu asubuhi. Akifika ng'ambo, nyanya nzuri zimekwisha kuchaguliwa. Siyad alijitolea kumvushia magunia kila siku. Nakuam akamkatalia. "Leo utanivushia. Na ukiwa mgonjwa? Barabara bado itakuwa pale."

Maneno hayo yalimwingia. Akaona kwamba haitoshi yeye mmoja kuwa mkweli. Mama yule hawezi kuvuka mpaka taa za watu wote ziwe za kuaminika.

Basi akaanza vita. Pikipiki za stima zilikuwa zinaongezeka mjini, na kila mwendeshaji alikuwa na kosa lile lile: ama hawashi kabisa, ama anawasha na kusahau. Siyad alikwenda steji baada ya steji. Akiona taa imesahauliwa, alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Zima." Vijana wakampa jina, Mzee Zima. Aliwahi kuusimamisha msafara wa harusi kwa sababu ya indiketa ya gari la maharusi. Faduma alicheka aliponieleza, kisha akafuta macho: "Hata nyumbani, akiinuka kwenda jikoni, watoto wanamuuliza, Baba, umeonyesha unakata wapi?"

Aliyemsumbua kuliko wote ni Aule, kijana wa steji yao. Aule hakutaka kabisa. "Nilikuwa namwambia, Mzee, nikiwasha hizi taa watu wataona mi ni mwanagenzi," Aule anasema. "Akanifuata wiki mzima. Nikikata bila taa, anapiga honi. Nikisahau kuzima, anapiga honi. Wateja wakaniuliza kama huyo mzee ananidai. Nikaanza kutumia taa ndio aniache." Nilimuuliza kama sasa anazitumia. Akaniangalia kama niliyemtukana.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Siyad hakulipata. Kila Idi ya mwisho wa Ramadhani, miaka miwili mfululizo, alikwenda kibandani kwa Nakuam kumwomba msamaha. Na mara zote mbili Nakuam alimjibu kitu kimoja, bila hasira: "Mguu umepona, Mzee. Hiyo ingine bado."

Wiki iliyopita alilazwa. Usiku wa mwisho, pumzi ikimwishia, alimuuliza mkewe, "Nakuam anavuka?" Faduma anasema, "Nilimwambia sijui. Sikutaka aende na uongo wangu." Siyad akatikisa kichwa, akafumba macho. Alfajiri akafariki.

Kama ilivyo desturi ya Waislamu, mazishi yalikuwa siku hiyo hiyo. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, kaka yake, Ridwan, alisimama mlangoni, mbele ya wanaume walio nje na wanawake walio uani. Akasema yale yanayosemwa: kama kuna aliyedhulumiwa na ndugu yangu, amsamehe kwa ajili ya Mungu, na kama hawezi, aje kwetu.

Nilikuwepo. Sote tulijua ni nani anayengojwa, na sote tuliogopa kumtazama.

Nakuam akasimama katikati ya wanawake. Nitayasema maneno yake kama alivyoyasema.

"Mimi ni Nakuam. Ni mimi aligonga. Leo asubuhi gari ya Kinna imefika, nikashuka kwa lami. Pikipiki ya stima inakuja, imewasha taa ya kushoto. Sikusimama. Nimefika katikati ndio nakumbuka ya kwamba mimi huogopa. Hiyo pikipiki ikaingia kushoto, vile ilikuwa imesema. Ikazima taa. Sijui ni nani, uso ulikuwa ndani ya helmeti. Nikachagua nyanya mzuri, nikaweka zingine kando za kupelekea Mzee hospitali jioni, nimwambie. Halafu ndio nikasikia. Sina neno na yeye. Mpelekeni."

Wakampeleka.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Faduma, kwa watoto, kwa Ridwan na ukoo wote wa Shuriye, na kwa ndugu zetu wa steji: poleni sana. Kituo hiki kinalia pamoja nanyi. Mwenyezi Mungu ampumzishe Siyad mahali pema, na awape ninyi subira.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Si wengi kati yetu wanaoweza kusimama mbele ya watu na kusema kosa ni langu, hasa pale ambapo hakuna shahidi. Mimi sijui kama ningeweza. Yeye aliweza, halafu hakuishia hapo.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa njiani, shusha macho kidogo uangalie taa zako. Kuna mtu ukingoni mwa barabara, ana haraka ya kuvuka, na anakuamini.